Nyumba Aliyoiona Kibe kwa Mdomo

Ndugu zangu mnaoishi kwa kodi, na nyinyi mliojaliwa kujenga mkawapangishia wenzenu, nipeni masikio kidogo. Nataka kuwaambia habari za fundi mmoja wa nguo ambaye hakuwa mwizi, hakuwa mlevi, wala hakumwinulia mkewe mkono hata siku moja. Ugonjwa wake ulikuwa mdogo tu: ulimi wake ulizoea kufika mahali kabla ya miguu yake. Mtasema, nani hana ugonjwa huo? Basi ndiyo maana nawasimulia.

Jina lake ni Kibe. Alikuwa na kibanda chake cha kushona sokoni Kitale, na alipanga vyumba viwili si mbali na Kipsongo, yeye na mkewe Ciru na binti yao wa miaka tisa, Wangu, aliyepewa jina la nyanya yake. Kwa hiyo Ciru alimwita mumewe Baba Wangu, naye Kibe akamwita mkewe Mama Wangu, na mgeni aliyewasikia kwa mara ya kwanza alidhani amekuta watu wawili ambao kila mmoja amemzaa mwenzake.

Jioni moja ya Agosti mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Kibe alikuwa akipiga pasi sare za shule, Wangu akimsomea hadithi ya sungura kutoka kitabuni, chai inachemka. Ciru akaingia na viatu vyenye matope bila hata kuvivua, jambo ambalo yeye mwenyewe alilikataza katika nyumba ile.

"Nimepata!" akasema. "Baba Wangu, nimepata kazi! Kufundisha wakulima mambo ya ng'ombe na kuku, kule Mabanga. Naanza baada ya wiki tatu."

Kibe aliiacha pasi juu ya suruali ya mtu. Walirukaruka wote watatu mpaka jirani akagonga ukuta. Suruali ile iliungua, na Kibe akailipia kwa furaha.

Sasa Mabanga iko karibu na mji wa Bungoma, na kutoka Kitale huwezi kwenda na kurudi kila siku ukabaki na mgongo. Ilibidi wahame. Kibe, kama baba wa nyumba, akasema mambo ya nyumba yako mikononi mwake. Wiki ya tatu alikuwa ameona tangazo mtandaoni: nyumba ya vyumba viwili vya kulala, mjini Bungoma, maji mchana na usiku, geti la bluu, kodi ya chini ajabu. Ajenti alijiita Bravo.

Ciru alisoma tangazo lile mara mbili. "Bei hii ni ndogo mno. Nenda ukaione."

"Nitaenda."

"Si kwenda tu. Fungua mfereji uone maji. Vuta choo. Halafu muulize jirani kama mwenye nyumba ni mtu wa kuishi naye. Mimi sitahamia ndani ya simu."

"Mama Wangu, unaniambia kama mtoto."

"Nakuambia kama mume wangu," Ciru akajibu, na akamfungia viazi vitamu vya njiani.

Alhamisi asubuhi Kibe aliondoka kweli. Alipata nafasi ya bure kwenye pikapu ya rafiki yake Kiplagat, mfanyabiashara wa mbuzi, aliyekuwa akishuka njia ya Kimilili kwenda Chwele.

"Ni siku ya soko," Kiplagat alimwambia. "Nipe nusu saa ninunue mbuzi, kisha nikufikishe Bungoma mwenyewe."

Nani amewahi kukaa nusu saa katika soko la Chwele? Kulikuwa na vitunguu vimelundikana kama vichuguu, ndizi zinashushwa kwenye pikipiki, mbuzi wanalia, wanawake wa nguo wanamwita kila mtu mteja wangu. Kibe alipenda watu, na watu walimpenda. Alimsaidia Kiplagat kubishana bei. Alipata kitambaa cha kijivu cha sare, kizuri, cha bei nafuu. Alikutana na mtu aliyemshonea suti ya harusi miaka sita iliyopita, naye mtu yule akakataa katakata kumwachilia kabla hajala nyama. Jua likapita utosi, likaanza kushuka.

Simu ikalia. Alikuwa Bravo.

"Boss, uko wapi? Kuna daktari hapa anataka hiyo keja saa hii."

"Niko Chwele. Nakuja sasa hivi."

"Aa, hapo ni mbali, bana. Mimi siwezi kumzuia huyu mtu. Wacha nikutumie picha, ni kama uko ndani. Ukipenda, tuma ya kushikilia. Jumamosi unakuja na mizigo, ufunguo unapata hapo getini."

Picha zikaingia, pamoja na maelezo ya njia. Sebule yenye mapazia ya kijani. Jiko lenye kabati. Geti la bluu, jipya, linang'aa.

Kiplagat alichungulia juu ya bega lake. "Si ni hapo tu mbele? Nimemaliza mbuzi wangu. Panda twende ukaione."

Lakini sahani ya pili ya nyama ilikuwa imefika, na mtu wa suti alikuwa ameanza kisa kipya. "Picha ninayo," Kibe akasema. "Tena daktari hangetaka nyumba mbaya." Akatuma kodi ya mwezi na amana kwa pamoja, fedha walizoweka tangu Januari, akafuta mafuta kwenye vidole, akaendelea kula.

Alifika nyumbani jioni na kitambaa begani. Ciru hakuuliza habari za kitambaa.

"Umeiona?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo mlango ulipokuwa bado wazi. Angesema, "Nilikwama Chwele nikatuma pesa bila kuona," wangegombana, wangelala wamepeana migongo, na asubuhi Ciru angekwenda Bungoma mwenyewe na kuujua ukweli kabla ya kufunga hata kikombe kimoja. Aibu ya usiku mmoja tu. Kibe aliutazama mlango ule, akaupita.

"Nimeiona."

"Kwa macho yako?"

"Kwani nina ya kuazima?"

Wangu akacheka. Ciru hakucheka. "Mfereji ulifungua?"

"Maji yaliruka mpaka kwa shati."

"Choo?"

"Kinavuta vizuri sana."

"Nani alikufungulia?"

Swali hilo Kibe hakulitarajia. Macho yake yalizunguka chumbani yakitafuta msaada, yakatua kwenye boga kubwa lililokuwa juu ya kabati, likimeremeta kwenye mwanga wa taa. "Mzee mmoja," akasema polepole. "Kipara. Mnene kidogo hivi. Mpole, mtu wa kuchekacheka. Anasema wapangaji wa zamani wanatoka Ijumaa."

Na kwa sababu maelezo yale yalikuwa mazuri, Ciru akaamini. Alimmiminia chai, akamwongezea sukari. Kibe alikunywa, na anasema mpaka leo hajawahi kunywa chai iliyokuwa ngumu kumeza kama ile.

Jumamosi walipakia vitu vyote kwenye lori la Kipchirchir: vitanda, kabati, cherehani, tangi la maji, na tenga lenye kuku wanane wa Ciru. Njia nzima Kibe alipiga simu ya Bravo kwa siri. Ilikuwa imezimwa. Alijiambia betri imekwisha. Walipofika Webuye alijiambia mtandao ni mbaya. Walipofika Kanduyi, ukingoni mwa mji wa Bungoma, walikoelekezwa, hakuwa na la kujiambia.

Geti la bluu lilikuwepo. Kibe alipoliona alitamani kulibusu. Akabisha hodi, likafunguliwa na mama mmoja mwenye leso kiunoni na mwiko mkononi, na nyuma yake ikatoka harufu ya kuku wa kienyeji.

"Mulembe," mama akasalimu. "Karibuni. Nyinyi ni wa kutoka wapi?"

"Sisi ni wapangaji wapya," Ciru akasema kwa uchangamfu. "Tunaona bado hamjamaliza kufunga mizigo. Hakuna shida, mama, tutawasaidia."

"Mizigo gani?"

"Si mnahama?"

Mama yule, jina lake Phelista, alitazama lori, akatazama kabati, akatazama kuku. "Tuhame twende wapi? Tuko hapa miaka kumi na moja."

Ciru aligeuka. "Baba Wangu, kuja ueleze."

"Ah, huyu ni baba yako?" Phelista akauliza. "Mbona anaonekana kijana hivyo?"

Siku nyingine wangecheka mpaka machozi. Lakini wakati huo huo mwenye nyumba ile akatokea mlangoni kuona wageni ni akina nani. Aliitwa Wepukhulu, karani wa serikali, mwimbaji wa sauti nzito kanisani. Alikuwa mnene kidogo. Alikuwa akitabasamu. Na kichwa chake, ndugu zangu, kilikuwa kitupu, laini, kinameremeta kwenye jua la saa saba.

Kibe akarudi nyuma hatua moja.

"Ndiye huyu!" Ciru akapaza sauti. "Baba Wangu, si ndiye huyu mzee alikufungulia? Kipara, mnene, anachekacheka! Mzee, ulimwonyesha mume wangu nyumba Alhamisi, na sasa mkeo anasema hamhami? Pesa yetu iko wapi?"

"Mimi?" Wepukhulu akasema, na tabasamu likaanza kuyeyuka. "Mama, Alhamisi nilikuwa kazini."

Huko Kanduyi habari haihitaji viatu. Kabla Kipchirchir hajazima injini, majirani walikuwa wamejaa, na vijana wa bodaboda nyuma yao. Na kumbe kulikuwa na jambo ambalo Kibe hakulijua: katika miezi miwili, watu wengine wawili walikuwa wamefika kwenye geti lile na mizigo, wakalia, wakarudi walikotoka. Mtaa ulikuwa umeanza kunong'ona. Mbona wote huelekezwa kwa Wepukhulu? Mpaka siku ile hapakuwa na aliyesema amemwona yeye.

"Leo ameonekana!" kijana mmoja akapiga kelele. "Huyu mama ako na shahidi!"

"Kumbe ni wewe, mzee! Unaimba kanisani na unaibia watu!"

Mtu alimshika Wepukhulu mkono. Mwingine akamvuta fulana ikachanika begani. Phelista alijitupa katikati na mwiko wake, akilia, "Mwacheni! Mwacheni mume wangu!" Wangu alijificha nyuma ya gurudumu la lori. Na Kibe, fundi wa maneno, akajibanza ubavuni mwa lori.

Mzee wa mtaa, aliyeitwa Wamalwa, alifika akihema. Alikuwa mtu mfupi, lakini aliponyoosha mkono vijana walinyamaza. "Hapa hatupigi mtu," akasema. "Wewe baba mgeni, sogea. Mtazame huyu mtu vizuri. Ndiye alikufungulia nyumba hii?"

Kila mtu alimgeukia Kibe. Ciru naye alimtazama, na macho yake yalikuwa na imani tupu, imani ya mtu aliyeongeza sukari kwenye chai. Kibe aliona njia mbili. Neno moja, "ndiye", na heshima yake ingebaki. Mkewe angebaki anamwamini, huenda hata fedha zingerudishwa na mzee huyu wa watu ili tu apate amani. Na mzee mwenyewe? Kibe alitazama fulana ile iliyochanika. Jicho la fundi liliona tu kwamba mshono umeachia, ni kazi ya dakika tano. Lakini jina la mtu likichanika, linashonwa na nani?

"Simjui," akasema.

"Sema kwa sauti."

"Simjui! Sijawahi kumwona. Sijawahi kufika hapa. Alhamisi nilikuwa Chwele nakula nyama. Nilitumiwa picha, nikatuma pesa, nikarudi nikamdanganya mke wangu. Mzee kipara nilimtunga. Huyu baba hana makosa. Mwenye makosa ni mimi."

Ciru alikaa chini taratibu juu ya sufuria kubwa iliyofudikizwa kando ya geti. Vijana walimwachia mzee.

Wepukhulu alijipangusa. Alimkaribia Kibe, akamtazama kutoka juu mpaka chini, na Kibe akangojea kofi, tena alilitaka.

"Hebu niambie," Wepukhulu akasema. "Hicho kipara. Ulikitoa wapi?"

"Kwa boga, mzee."

"Boga?"

"Lilikuwa juu ya kabati."

Wepukhulu alijishika kichwa. Mabega yake yakaanza kutetemeka. Sauti ile nzito ya kanisani ikatoka tumboni kama ngoma, akacheka mpaka akamwegemea Kibe asianguke. "Phelista! Umesikia? Miaka yote hii unaniita mpenzi, kumbe mimi ni boga!" Phelista akacheka na machozi bado mashavuni, Wamalwa akacheka, mtaa mzima ukacheka. Aliyemchana Wepukhulu fulana alikuja akaomba msamaha ameinamisha kichwa.

Ciru peke yake hakucheka.

Siri ya picha ilijulikana pale pale. Mwaka uliopita Wepukhulu aliuza makochi yake mtandaoni. Alipiga picha za sebule, jiko na geti, na akaeleza njia ya kufika. Bravo aliziokota kama mtu anayeokota ndizi zilizoanguka. Jumatatu Kibe na Wepukhulu walikwenda pamoja kuandikisha habari kwa polisi, lakini sitawadanganya: simu ya Bravo haijawashwa mpaka leo, na fedha zile hazikurudi.

Lakini hiyo Jumamosi hapakuwa na pa kurudi Kitale, kwa maana vyumba vyao vya zamani vilikuwa vimeshachukuliwa. Phelista aliamua kabla mtu hajamuuliza. "Vitu viingie kwa stoo ya kanisa, nitaongea na pasta. Kuku wakae na kuku wangu. Nyinyi mlale kwa sebule, si mumeilipia?" Akawapakulia ugali na kuku, akampa Wangu paja.

Walipomaliza kula, Ciru alimwita mumewe nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo.

"Pesa tutatafuta," akasema. Sauti yake ilikuwa chini. "Hata mimi ningeweza kuibiwa. Lakini ulinifanya nimnyooshee kidole mtu asiye na makosa. Mdomo ulikuwa wangu, Baba Wangu, lakini uongo ulikuwa wako. Wangempiga je? Wangemuua je?"

Kibe alilia, na hakuuficha uso.

"Kulia lia," Ciru akasema. "Lakini Jumatatu mimi naenda kazini, na wewe unatafuta nyumba. Kwa miguu. Kila mfereji Bungoma hii utaufungua na mkono wako."

Naye alifanya hivyo. Wiki nzima Kibe alizunguka mpaka viatu vikaomba radhi. Aliona nyumba nzuri yenye mfereji uliokohoa mara tatu ukatoa buibui. Akaona nyingine yenye maji tele, lakini alipouliza jirani, jirani alitazama huku na huku, akanong'ona kwamba mwenye nyumba ana ufunguo wa kila chumba na huingia kuhesabu balbu. Akaona ya tatu, ambapo mwenye nyumba alimuuliza jina la ukoo kabla ya kumsalimu, na aliposikia ni Gicheru, jina lisilo la watu wa kule, tena kutoka Kitale, ghafla nyumba ikawa imeshachukuliwa, ingawa ufunguo ulikuwa unaning'inia mlangoni. Hilo lilimchoma, sisemi halikumchoma. Jioni alimweleza mkewe yote, hata yale ya aibu, na Ciru alianza tena kumjibu kwa sentensi ndefu.

Mchana mwingine alikaa kwenye cherehani yake uani kwa Wepukhulu. Aliishona ile fulana begani mpaka mshono usionekane. Kisha akachukua kile kitambaa cha kijivu cha Chwele, akakata herufi kubwa kutoka kipande chekundu, akazishonea juu yake moja moja: NYUMBA HII INA WENYEWE. USITUME PESA. UKIWA UMESHATUMA, BISHA HODI UPEWE CHAI. Wakaitundika getini. Siku ya tatu tu vijana wawili waliofunga ndoa karibuni, waliokuja kuiona nyumba kabla ya kulipa, walisoma maneno yale, wakacheka, wakaingia wakanywa chai. Kibe anasema siku hiyo alijisikia amelipwa kidogo.

Ijumaa alifika Mabanga, nyuma ya mashamba ya mahindi. Kulikuwa na nyumba ndogo ya mabati mekundu, na mwenyewe alikuwa mjane wa makamo aliyeitwa Mama Nelima, akikamua ng'ombe. Kibe aliomba ruhusa. Akafungua mfereji, ukatoa maji. Akavuta choo. Akazunguka kwa jirani, jirani akasema, "Huyo mama ni mkali kwa mambo ya usafi, lakini ukiugua atakuletea uji."

"Nyumba iko, papa," Mama Nelima akasema kwa lafudhi ya kwao, Kibe aliporudi. "Rakini mimi sipangishi sura. Nani anakujua hapa Bungoma? Niletee mtu mmoja aseme wewe ni mtu wa aina gani."

Katika Bungoma yote, mtu aliyemjua Kibe kwa kweli alikuwa mmoja, yule aliyekaribia kupigwa kwa ajili yake. Kibe alirudi Kanduyi polepole. Alimweleza Wepukhulu ombi lake akivitazama vidole vya miguu yake.

Wepukhulu alivaa shati, akavaa kofia, akasema, "Twende."

"Mama," alimwambia Mama Nelima walipofika, "huyu mtu nimemjua siku sita. Siku ya kwanza alidanganya, na mtaa wote ukanishika. Siku hiyo hiyo, mbele ya mtaa wote na mbele ya mke wake, akasema amedanganya. Watu wa kudanganya nimeona wengi. Watu wa kurudisha uongo wao kwa mdomo wao, hata kama itawaaibisha, hao nimeona wachache sana. Mimi ningempa nyumba."

Mama Nelima alimaliza kukamua kwanza. Kisha akaosha mikono. "Mwambie mke wako akuje aone mwenyewe," akasema. "Mimi nataka kuongea na yeye."

Ciru alikuja na kuona, akaongea na mjane yule mambo ya kwato na maziwa kwa saa nzima, na Kibe akasahauliwa kabisa kwenye kibaraza. Walielewana. Mama Nelima alikubali kodi ya mwezi wa kwanza ilipwe kidogo kidogo, wakaandika karatasi, kila mmoja akatia sahihi na Wepukhulu akawa shahidi. Jumamosi Phelista na mumewe walikuja kusaidia kuhamia, wakibeba kabati huku wakiimba, na vijana wa bodaboda wawili, wakiongozwa na yule aliyechana fulana, walileta vitanda bila malipo.

Jioni ile, wageni walipokwisha kuondoka, Ciru alikuwa akipanga vikombe na Kibe amenyoosha miguu, amechoka hasa.

"Baba Wangu, umefunga mlango wa kuku?"

"Nime..." Kibe akaanza. Akasita. Akavuta viatu vyake, akasimama. "Ngoja nikaangalie."

Ciru aliendelea kupanga vikombe, lakini alikuwa akicheka.

MAFUNZO

Ndugu zangu, matapeli wa nyumba wapo, na watakuwepo madamu watu wanahama. Usilipe nyumba ambayo hujaingia ndani yake. Fungua mfereji, muulize jirani, mjue mwenye nyumba kwa uso na kwa jina, na mkubaliane kwa maandishi mbele ya mtu. Anayekuharakisha anajua kwa nini hataki ufike.

Lakini hilo si zito kuliko lote. Bravo aliichukulia familia ile fedha tu. Uongo wa Kibe ulikuwa karibu kuchukua uhai wa mtu asiyemjua, kwa sababu uongo ukishatoka mdomoni hauchagui utamwangukia nani. Na ukikuta umati umemshika mtu, uliza kwanza kama yupo aliyemwona kweli. Kama umekosea, sema mapema. Kama umechelewa, sema tu hivyo hivyo. Aibu ya kukiri haimalizi mwezi. Na wewe mwenye nyumba unayeuliza ukoo kabla ya tabia, jifunze kwa Mama Nelima: aliuliza mtu ni wa aina gani, akapata wapangaji ambao mpaka leo wanamfagilia kiwanja bila kuambiwa.